Leseni ya Baba Edda

POLISI TANZANIA
KITUO CHA POLISI BABATI MJINI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Coletha Yohanes Margwe
Umri: Miaka 53
Kabila na dini: Mwiraqw, Mkristo
Kazi: Mlinzi wa geti, shule ya msingi ya bweni
Makazi: Maisaka, Babati

Nimeelezwa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Sina sababu ya kusema uongo. Aibu niliyoipata leo inanitosha.

Mnamo tarehe 05/12/2025, siku ya Ijumaa, nilikuwa kazini getini. Shule ilikuwa inafunga na wazazi walikuwa wanachukua watoto. Agizo la mwalimu mkuu ni kwamba mtoto hatoki bila mzazi kuonyesha kitambulisho, na mimi getini sibembelezwi.

Majira ya saa 7:15 mchana bodaboda ilimshusha mwanaume mmoja ikaondoka. Alikuwa amekonda, ana mvi, amevaa miwani nyeusi na ameshika fimbo nyeupe. Alinisalimia vizuri, akasema anaitwa Rogath Amsi wa Dareda, amekuja kumchukua mwanawe Edda wa darasa la tano. Alisema mama yake Edda, ambaye huja siku zote, amejifungua juzi.

Nikamwomba kitambulisho. Akatoa leseni ya udereva. Ilikuwa imeisha muda miaka miwili iliyopita, na picha ilikuwa ya mtu mnene mwenye ndevu nyeusi. Nilimuuliza, "Wewe huoni, leseni ya gari ni ya nini?"

Akajibu, "Mama, kila mahali nilikuwa naonyesha hiyo. Cha taifa sijawahi kukifuatilia. Macho yalipokwisha kwa presha ya macho, hawakunipa leseni nyingine."

Akaongeza kwamba yeye ndiye aliyekuwa anapita hapo na Scania nyekundu. Nikamwambia hata mimi naweza kusema napita na ndege. Niliona wazi kwamba leseni ni ya wizi. Simu ya mama yake Edda haikupatikana, na mwalimu mkuu alikuwa kwenye kikao mjini, naye hakupokea.

Nilimuita Edda. Nikamuuliza mbele ya wenzake, "Huyu ni baba yako?"

Edda aliangalia viatu vyake. Yule baba akasema, "Edda, ni mimi." Mtoto bado kimya. Nikaanza kufoka ili aseme, ndipo baba akaninyooshea mkono akasema, "Usimlazimishe mtoto. Mwache aende ndani."

Ukimya ule niliuchukua kama ushahidi. Nilishikilia leseni nikapiga simu polisi.

Saa 8:05 mchana Koplo Tariq alifika na gari la polisi. Alimkalisha yule baba kiti cha mbele, naye hakubisha. Yule baba alipapasa mbele yake, akauliza usukani uko umbali gani. Kisha akasema, "Afande, naomba nipige honi mara moja tu." Koplo alicheka, akamruhusu.

Akapiga ndefu moja, fupi mbili, halafu ndefu tena.

Mimi fimbo yangu ya ulinzi ilinidondoka. Honi hiyo niliisikia karibu kila wiki kwa miaka miwili, Edda akiwa mdogo. Lori lilikuwa likipita barabarani nami nilikuwa nalipungia. Uso wa dereva sikuwahi kuuona, alikuwa juu mno. Hapo hapo wasichana walijaa kwenye madirisha ya bweni wakipiga kelele, "Baba Edda! Baba Edda!" Hata mpishi alitoka jikoni na mwiko.

Edda alikuja mbio, akapanda garini, akamkumbatia. Alikuwa analia. Nilimsikia akisema, "Baba, niliwaambia wenzangu uko safari. Sikutaka wajue."

Baba yake akamwambia, "Ni kweli nilikuwa safari. Sasa nimerudi."

Koplo alisema kwa kuwa taarifa nilishaitoa, ni lazima nije kuandikisha, bila hivyo hawezi kumwachia yule baba wala mtoto. Ndiyo maana nipo hapa. Gari la mwisho la Dareda wanalitegemea wote wawili, na kuna kichanga kinasubiri nyumbani.

Kwa hiyo nasema: yule ni Rogath Amsi, ni baba yake Edda, na leseni ni yake. Nimekosa mimi. Nilimwomba radhi, akaniambia nimefanya kazi yangu, na kwamba anafurahi mwanawe ana mlinzi mkali. Hapo nililia, mtu mzima, mbele ya watoto.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ni hayo, sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: C. Y. Margwe

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi maelezo haya naye amekiri kuwa ni sahihi. Rogath Amsi amerudishiwa leseni yake saa 10:20 jioni. Nilimsogezea kidau cha wino aweke dole gumba kuthibitisha ameipokea, akaomba kalamu. Mtoto aliweka kidole kwenye mstari, baba akaandika akikifuata. Sahihi inafanana na iliyo kwenye leseni. Wameondoka pamoja.

Koplo Tariq