Jogoo Tumeshamla, Sasa Mbwa Nimrudishe?

Bi Rehema mpendwa, shikamoo. Nakuandikia kuomba msaada wa mawazo, ingawa ukiniuliza shida yangu ni ipi hasa nitababaika, maana naamka nikiwa na jibu na nikishakunywa chai jibu limegeuka. Majina yetu yaache tu yalivyo, huku Kihonda hata anayetuletea mkaa ananiuliza jambo limefikia wapi.

Mimi naitwa Raya, nauza mboga sokoni hapa Morogoro mjini, karoti, njegere, kabichi, na kwa miaka mingi mboga zangu nilikuwa nachukua kwa mzee mmoja wa Mgeta, kule mlimani, aliyeitwa Leonard na mkewe Bernadeta, wao Wakatoliki na mimi Muislamu lakini wote Waluguru, na koo zetu ni watani, kwa hiyo biashara yetu ilikuwa matusi kwanza na mizani baadaye, yeye ananiambia karoti zake zinasinyaa zikiniona na mimi namwambia akifa nitavaa koti lake nicheze nalo kaburini, ndivyo tulivyozoeana, na mwaka jana wakati wa masika akafa kweli.

Nikapanda msibani kama mtani anavyotakiwa, nikavaa lile koti, nikatembea alivyokuwa akitembea, bega moja juu, watu wakacheka huku wanajifuta machozi, na Bernadeta naye akacheka, ndugu zake wakasema hajacheka tangu mume augue. Sasa nilipozunguka nyuma ya jiko kutafuta maji nikamkuta mbwa wa marehemu amefungwa kwenye nguzo ya banda la mbuzi kwa kamba ya katani, mbavu zinahesabika, shingo imechubuka mpaka inatoa usaha, chombo chake cha maji kikavu, na hakunibwekea, alinitazama tu. Bi Rehema, moyo wangu kwa wanyama ndivyo ulivyo, sijui niufanyeje. Kabla ya huyo nilikuwa na paka, nilimtoa chini ya lori la kabichi mguu umevunjika, nikamwita Karoti kwa rangi yake, akapona, akawa anatembea kwa miguu mitatu na kulala ndani ya tenga tupu pale kwenye meza yangu, wateja wakija wanamsalimia yeye kwanza, halafu akala panya aliyekula sumu akafia mapajani mwangu, nikaapa sifugi tena kiumbe chochote. Nilipomwona yule mbwa kiapo kikaishia pale pale.

Lakini ningesemaje? Msibani huwezi kuwaambia wafiwa kwamba mnamuua mbwa kwa njaa, hayo yanakuwa matusi ya kweli. Basi nikatumia mdomo wa utani, nikakata kamba, nikamvuta mpaka katikati ya watu, nikasema, "Huyu nimemteka. Marehemu kanichanganyia karoti zilizooza miaka yote, leo naondoka na mlinzi wake. Anayemtaka aje Kihonda na jogoo." Watu wakaangua kicheko, hakuna aliyekataa, nikashuka naye kwenye gari la mboga amelala juu ya magunia.

Mume wangu Halidi ni fundi seremala na mtu wa sala, akasema, "Raya, huyu ataondoka lini?" Tukakubaliana akae uani, haingii ndani hata mvua inyeshe, na akimlamba mtu mtu huyo anaosha mara saba, moja kwa udongo, na mpaka leo ndoo ya udongo safi ipo karibu na bomba kwa kazi hiyo. Daktari wa mifugo akamtibu shingo na kumchoma chanjo. Kule Mgeta aliitwa Mtasema, jina alilopewa na mzee Leonard kwa ajili ya majirani zake, lakini nilipoliita hapa mtaani jirani yangu akanuna akidhani namsema yeye, ikabidi nimwite Mtani. Akanenepa, manyoya yakarudi, asubuhi ananisindikiza mpaka kituoni na kugeuka mwenyewe, na Halidi, huyo huyo wa kuuliza ataondoka lini, akitoka msikitini namsikia anazungumza naye uani mambo ya mbao, habari ambazo mimi mkewe huwa sielezwi.

Sasa ndiyo balaa likaja. Juzijuzi Bernadeta kashuka mjini, akaja mpaka nyumbani na jogoo mwekundu kwapani. "Hodi, mtani. Nimekuja kukomboa." Mimi nikacheka, nikajua ni ule utani wetu na jogoo ni zawadi, nikampokea kwa mikono miwili, Halidi akamchinja, nikapika pilau, tukala, tukamkumbuka marehemu, na mbwa naye akatupiwa shingo na miguu, kumbe anakula ukombozi wake mwenyewe. Tulipokwisha kunawa Bernadeta akatoa kamba kwenye kikapu, akaita kwa sauti ndogo, "Mtasema." Mbwa akainuka masikio yamesimama, akamwendea ananung'unika, akamnusa miguu na kanga yote, akarudi kwangu, akaenda tena kwake, mwishowe akalala katikati yetu kidevu chini, hataki kumtazama yeyote.

Nikasema, "Mtani, si ulikuwa utani tu?"

Akasema, "Weye ulisema jogoo, mie nimeleta jogoo. Na mmemla."

Hapo nikapandwa na hasira, nikamwambia mbona mlimfunga mpaka shingo ikaoza. Bernadeta akaishusha kamba chini. Kisha akasema hakumfunga yeye, kwamba wakati ule alikuwa hospitali huku mjini anamuuguza mumewe, analala sakafuni chini ya kitanda, na mbwa alibaki pale nyumbani chini ya shemeji yake, akamfunga kwa sababu kila akifunguliwa alikuwa anashuka barabarani kufuata njia lilikopita gari lililomchukua mzee. "Mie nilirudi na maiti, mtani. Mbwa sikumwona. Nilimwona ulipomleta mbele za watu, nikajisemea bora aende, maana sikuwa na uwezo wa kumtazama." Akasema sasa anaweza kumtazama, nyumba imekuwa kimya mno, nguruwe pori wanamaliza njegere, na misa ya mwaka ya Leonard imekaribia, angependa mbwa wake awepo mlangoni. Hakugombana. Aliikunja kamba akaenda zake, akasema atashuka tena kabla ya misa.

Mama yangu anasema jogoo akishaliwa hakuna mjadala, nisiuaibishe ukoo. Jirani yangu, yule yule aliyenuna, anasema mbwa ni wa aliyemwokoa. Nikimuuliza Halidi anajibu, "Kisu nilishika mimi," anatoka nje, na jana nimemkuta anapigilia bati jipya juu ya banda la mbwa bila kusema ni la nini. Mimi leo naamua nimpelekee Bernadeta majogoo wawili mambo yaishe, kesho naamua nimpeleke mbwa, halafu mbwa mwenyewe ananiwekea kidevu juu ya kiatu na ninasahau nilichoamua. Bi Rehema, nilimwokoa au nilimteka? Na nikimpandisha Mgeta nitakuwa namrudisha au namtupa? Niambie, maana kamba ile inarudi.

Ni mimi Raya, Kihonda.


BI REHEMA ANAJIBU

Marahaba Raya, na pole. Barua yako niliianza nikiwa upande wako, nikahamia kwa Bernadeta kwenye pilau, nikarudi kwako pale kwenye kidevu na kiatu. Usijione mjinga kwa kuchanganyikiwa. Nyote wawili mnampenda, na mbwa ni mmoja.

Lakini nitakugombeza kidogo, utanivumilia. Unasema ulidhani jogoo ni zawadi. Raya mwanangu, ulivaa koti la marehemu, ukateka mbele ya msiba mzima, ukataja ukombozi kwa mdomo wako. Mwaka haujaisha mtu anabisha hodi na kile kile ulichokitaja, anakutamkia "nimekuja kukomboa", na wewe unainjika sufuria. Mtoto wa Kiluguru hana haja ya kufasiriwa hilo. Nadhani ulielewa nusu, na nusu ya pili ukaifunikia mfuniko pamoja na wali.

Sasa swali lako. Ulimwokoa, na hilo usikubali mtu akunyang'anye, shingo ile ingemmaliza. Ila ulimwokoa kwenye msiba, hukumwokoa mikononi mwa Bernadeta. Mwaka mzima umeishi na picha ya watu wakatili wa mlimani, kumbe mwenyewe alikuwa kalala sakafuni chini ya kitanda cha mumewe. Hukujua. Sawa, sasa unajua, na bado uliniandikia habari ya shingo kwa uchungu zaidi kuliko ulivyoniandikia habari ya sakafu.

Na kuna jambo sina hakika kama umeliona. Siku ile ungeweza kuwaumbua wafiwa ukawa na haki yako. Hukufanya hivyo, ukatumia utani ili mbwa atoke na mtu asiaibike. Nilipofika hapo nilikupenda. Bernadeta naye angeweza kushuka na shemeji zake, au na mwenyekiti wa kijiji, akakuita mwizi hapo Kihonda majirani wakisikia. Amekuja na jogoo. Amekustahi kama ulivyomstahi. Ukimkatalia leo utakuwa unamwambia kwamba yule aliyemchekesha siku ya kumzika mumewe alikuwa mwizi ndani ya koti la mumewe. Sidhani kama unaweza kulibeba hilo, na majogoo wawili hawalibebi pia.

Kwa hiyo mrudishe. Tena usingoje kamba ishuke, panda mwenyewe kabla ya misa, na Halidi aende nawe, kwa sababu mumeo naye anaomboleza kwa nyundo na hakuna anayempa pole. Beba kadi ya chanjo. Mnunulie mkanda mpana wa shingo, mweleze Bernadeta anakula nini na anaogopa nini. Shemeji mtafute mbele za watu, mwambie kwa mdomo wako ule ule kwamba mbwa akifungwa tena kwa katani, safari ijayo utamteka yeye, na hakuna atakayeleta hata yai kumkomboa. Watacheka, na atasikia.

Kuondoka ndiko kutakakouma. Atakufuata barabarani, huyo ni mbwa wa kufuata magari yanayomchukulia watu. Mwombe Bernadeta amshike, ingia garini, usigeuke. Dawa ya hapo sina. Karoti alikufa mapajani mwako na hukuwa na la kufanya. Huyu unamwacha mzima, mnene, kwa mtu aliyeshuka mlima kumfuata. Moyo utakuambia ni hasara ile ile. Ukatalie.

La mwisho nalisema kwa kuhisi tu. Barua yote ndefu hukuniambia kama umewahi kurudi kununua karoti kwa Bernadeta tangu Leonard afe. Nahisi hujarudi, ulikuwa unaogopa kuulizwa habari za mbwa. Rudi. Mama mjane ana njegere, wewe una meza sokoni, na matusi yenu yamelala mwaka mzima. Siku za kuchukua mzigo utamkuta mbwa mlangoni, mwite jina lolote kati ya yale mawili, ataitika.

Banda Halidi asilibomoe. Bakuli lioshe, liegemeze ukutani, liache hapo. Na siku Bernadeta akibisha tena hodi na jogoo kwapani, muulize kwanza amekuja kukomboa nini, kabla Halidi hajanoa kisu.