Ndege Iliyokaa Juu ya Maji

Kijiji cha Kyimo,
S.L.P. 114,
Tukuyu.
6 Juni, 1989

Mpendwa kaka Lugano,

Ugonile? Shemeji Jenifer hajambo? Na kile kifua chako kimepona, au joto la Dar limekizidisha? Huku ni baridi na ukungu, watoto wanakohoa, lakini tu wazima, Kyala Mungu wetu ametushika.

Kaka, nakuandikia nakaa, nasimama, nakaa tena. Situlii. Babu Nsajigwa ana kesi, na wewe unayefanya kazi maktaba ndiye tegemeo letu.

Tangu magari ya watu binafsi yaanze kuja kununua ndizi, si unajua siku hizi ruksa, kila mtu anakodolea macho shamba la mwenzie. Jirani yetu Hezron amelihamisha jiwe la mpaka hadi katikati ya migomba yetu. Waliokuwepo jiwe lilipowekwa wamekufa wote, kabaki Babu peke yake.

Alhamisi Babu akasimama barazani kutoa ushahidi. Hezron akadakia, "Huyu si ndiye aliyeona ndege imekaa juu ya maji? Leo mtamwamini na jiwe?" Baraza zima likaangua kicheko. Mwenyekiti naye akacheka mpaka machozi, akaahirisha shauri hadi tarehe 22.

Hadithi unaikumbuka. Wajerumani walimchukua upagazi akiwa kijana, wakamfikisha Rufiji, ambako manowari yao ilikuwa imejificha mtoni kwenye mikoko. Waingereza wakaleta ndege za kuitafuta. Moja ikashuka majini, ikaelea kama bata, mzungu yumo ndani kalowa chapachapa. Baadaye manowari ikazama, mizinga yake ikaopolewa, Babu na wenzake wakaivuta kwa kamba. Mizinga watu waliikubali. Ndege wakakataa katakata, na uongo ukamganda hadi leo.

Sasa sikia kinachonichoma. Jumamosi Muddy, yule mwenye banda la video, alionyesha filamu pale Ibighi: manowari kubwa kama soko la Tukuyu, ndege zinatua mgongoni kwake. Nani alikuwa benchi la mbele akipiga makofi? Hezron! Nikashindwa kujizuia, nikapayuka, "Hii mnaiamini kwa sababu mmelipa kiingilio?" Wakanitoa nje kama mlevi. Nilitembea hadi nyumbani nikiongea peke yangu.

Na nikwambie ukweli, kaka, naona aibu. Lile jina la Mzee Bata nililianzisha mimi, nikiwa darasa la pili. Leo kijiji kizima kinaliimba, na Babu hajui lilitoka kwa nani.

Nakuomba, chimba humo vitabuni. Zile ndege za majini za vita vya kwanza, lazima kuna mtu alizipiga picha. Ukiipata mpe kondakta wa basi mkononi. Posta usiiamini, itafika Hezron ameshavuna.

Mama anakusalimu sana, na mdogo wetu Amoni anauliza viatu vyake. Msalimie Jenifer na wanao wote. Kyala awafunike.

Jana nilimwambia Babu kuwa nakuandikia. Kwa furaha nikasahau kuwa macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho, nikaropoka, "Utaiona tena ndege yako, Babu!" Akasema, "Mimi niliiona, mjukuu wangu. Hiyo waletee wao."

Fanya haraka, kaka.

Mimi mdogo wako nikupendaye,
Ikupa