Masikio ya Karasha

Jumapili, 31 Julai 2022

Nyuki! Simioni kasema gitaa langu linalia kama nyuki waliochokozwa. Mbele ya bendi nzima. Mimi, Gati, niliyevuka mpaka wa Sirari kwenda kuitafuta modela na kurudi nayo mgongoni kama mtoto!

Wiki tatu nimeipika sauti hiyo. Modela yenyewe ni kisanduku tu cha kuweka sakafuni, ukubwa wa Biblia ya madhabahuni. Lakini ndani yake yamo maamplifaya makubwa makubwa, yote ya kuigiza. Unazungusha nobu zake — geni, besi, midi ya sauti za kati, trebo ya sauti nyembamba — mpaka gitaa lingurume. Geni ndiyo inayovunja sauti iwe ya muziki wa metal. Nimeijaza mpaka mwisho. Trebo, tisa kwa kumi. Midi nimeifuta kabisa. Jioni pale chumbani inakata kama panga jipya, halafu mtu ananiambia nyuki.

Tarehe 13 tunapiga Nyamwaga, sherehe ya Nikolaus. Duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, limetoa; Tarime nzima inajua. Simioni ndiye kiongozi, na kanipa mpaka mazoezi ya Jumatano ya tarehe 10. Kama gitaa litakuwa bado nyuki, sehemu zangu zote atazipiga yeye kwa kinanda. "Kinanda hakiumizi mtu masikio," kasema.

Elia peke yake kanitetea. Kasema mbona gitaa tamu tu. Elia ndiye mpiga drams wetu, na tunafanya naye kazi kwenye karasha moja, mashine ya kuvunja mawe ya dhahabu, kwa Dullah pale Kemambo. Yeye analisha mawe, mimi naosha mchanga unaotoka. Mungu ambariki.


Jumanne, 2 Agosti

Nimetoka kazini, nimeoga, nimekaa na modela. Bado naiona sauti kama imefunikwa blanketi. Nimeongeza trebo mpaka kumi. Sasa ndiyo!

Mama kapita mlangoni, ncha ya kitenge ameichomeka sikioni. Kauliza kama kile kisanduku kimeungua.

Hawaujui metal hawa.


Jumatano, 3 Agosti

Vibaya. Vibaya kuliko Jumapili. Werema wa besi kabeba kiti chake kahamia ukutani. Elia kasema leo ni tamu kuliko juzi. Simioni kafungua daftari, kaanza kuandika sehemu zangu kwa ajili ya kinanda.

Nimelia njia nzima. Nimekasirika pia. Miaka sita napiga gitaa! Kwenye kwaya nimepiga, kwenye misiba nimepiga, na kila mara nacheza kile wanachotaka wengine. Hii ndiyo mara ya kwanza nataka kupiga cha kwangu, na nanyang'anywa na kinanda.


Ijumaa, 5 Agosti

Karasha limekufa. Shafti imekatika vipande viwili saa tatu asubuhi. Dullah kaenda Musoma kutafuta nyingine, kasema tusionekane mpaka Jumatatu.

Tangu rashi ya dhahabu ianze mwezi wa tano hatujapumzika, hata Jumapili tunatoka saa nane. Leo nimekaa uani sina kazi. Nimesikia vifaranga vya jirani. Sikujua jirani ana vifaranga!

Modela sijaigusa. Sitaki kuiona.


Jumapili, 7 Agosti

Niandike polepole nisiache kitu.

Mazoezi leo hakuna, Simioni yuko msibani Nyarero. Nimeamka, chai, nikasema basi niiage modela yangu. Nikavaa hedfoni. Nikapiga kamba moja.

Nilizitupa! Nilizitupa hedfoni ukutani! Sauti iliingia kama sindano. Sikugusa kitu tangu Jumatano, nobu ziko pale pale, gitaa lile lile. Nikarudia. Sindano. Nyuki. Ni nyuki kweli, Simioni hakunisingizia.

Nimekaa kitandani nikifikiri. Nani kaisifia sauti hii? Mimi na Elia. Nani wanashinda karashani? Mimi na Elia! Masaa kumi kila siku mawe yanavunjwa kando ya vichwa vyetu. Jioni sauti nyembamba hatuzisikii tena, zimekufa masikioni, na mimi nikidhani zimepungua kwenye modela naongeza trebo. Siku tatu za kimya na masikio yamerudi.

Nimemwita Elia. Kavaa hedfoni, nikapiga. Kazivua upesi, kaniangalia kama nimemzaba kibao.

"Gati, hii ndiyo niliyokuwa naisifia?"

Tulicheka mpaka mama akaja kutuangalia. Lakini mpaka Jumatano ni siku tatu tu.


Jumatatu, 8 Agosti

Nane Nane, lakini kwa Dullah hakuna sikukuu. Shafti mpya imefungwa.

Niliamka na jogoo, kabla ya kazi, masikio yakiwa mabichi. Nimefuta kila kitu na kuanza upya. Trebo nimeishusha hadi tano. Geni kutoka kumi hadi tano na nusu — niliogopa kwamba ukali utakwisha. Umezidi! Kila pigo linasikika lilipoanzia na lilipoishia, badala ya uji mtupu. Besi za chini kabisa nimezikata, hizo ni za Werema, tulikuwa tunazigombania. Kuna pia geti la kelele: ukinyanyua mkono tu, sauti inafungwa kabisa.

Na midi! Ile niliyokuwa naifuta kama tope. Nilipoipandisha gitaa likapata kifua. Dhahabu ilikuwa humo, nami nikaimwaga na maji. Mimi, mwoshaji! Ningefanya hivyo kwenye karai Dullah angenifukuza siku hiyo hiyo.

Nimekwenda kazini na pamba masikioni. Elia naye, yake kaichomoa kwenye godoro. Wametucheka kutwa. Wanauliza kama tumezaa, maana wanaoziba masikio kwa pamba ni wazazi.


Jumanne, 9 Agosti

Alfajiri tena. Midi juu kidogo. Trebo nne na nusu. Mama kapita mlangoni, kasimama, kapita. Hakuziba sikio. Nimemwambia shikamoo mara mbili kwa furaha.


Jumatano, 10 Agosti

Hata kwa pamba, jioni masikio si yale ya alfajiri. Nilipofika mazoezini nikaiona sauti nzito, ina blanketi tena. Mkono ukaenda wenyewe kwenye trebo! Nilijua utanisaliti, ndiyo maana asubuhi nilibandika plasta juu ya nobu zote. Nikaurudisha.

Simioni alikuwa amefungua daftari lake juu ya kinanda. Elia kahesabu. Nikapiga.

Werema kainua kichwa. Simioni alianza nasi, kisha akanyanyua vidole, akasikiliza akiwa ameinamia kinanda chake. Tulipomaliza kasema neno moja. "Rudia." Tukarudia. "Rudia." Mara ya tatu kauliza nimenunua mashine gani mpya. Nikamwambia pamba. Kadhani namdhihaki.

Kafunga daftari. Kasema Jumamosi wimbo wa kwanza ni wa gitaa.

Nimeshinda! Niandike tena: nimeshinda.


Jumamosi, 13 Agosti. Nyamwaga, saa kumi na nusu jioni

Naandikia juu ya spika. Jenereta limezimika katikati ya wimbo wa tatu. Mafuta yamekwisha — Nikolaus kachinja ng'ombe watatu, petroli kasahau!

Lakini nyimbo mbili za kwanza! Nilipopiga pigo la kwanza mama mmoja aliangusha sahani. Wimbo wa pili vijana wa maduara walikuwa wanaruka mpaka vumbi likatufikia. Mzee mmoja alikuja mpaka miguuni pangu, akaangalia modela, akaangalia gitaa, akauliza huyo ng'ombe dume nimemfungia wapi.

Na sasa umeme hakuna, wala hawaondoki. Wanaimba pigo langu kwa midomo. Dju-dju-djuu, dju-dju. Watu mia tatu, mia nne! Wanakosea kidogo mwishoni. Wacha wakosee.

Kinanda cha Simioni kinatumia betri. Kilikuwa mbele yake, kimewaka, na umati wote uko mbele yake pia. Nilimwona akikiangalia. Nikasema haya, Gati, sasa kinanda.

Kakizima. Kachukua dumu, karuka chini ya jukwaa na shati lake jeupe la sherehe, kakimbia mwenyewe kwenda kutafuta petroli. Nusu saa sasa. Watu bado wanaimba. Elia kauliza Simioni akirudi tuanzie wapi, nikamwambia pale pale tulipokatikia. Barabarani kuna vumbi linakuja, kuna mtu anakimbia ndani yake, sioni kama ana dumu au —