Wifi Yangu Anafundisha Chini Yangu, na Watoto Wake Hawajui Kusoma

Mpendwa Mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi pokea heshima yangu hivyo hivyo, maana jambo hili limenifika shingoni na nyumbani sina wa kumwambia, wote wako upande mmoja.

Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, nimekabidhiwa ofisi mwaka huu, na katika shule hiyo hiyo mwalimu wa darasa la pili ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aliyenipokea nilipoolewa na kunilelea wanangu nilipokuwa chuoni, na wazazi wanamsifu sana kwa sababu ukipita dirishani kwake unasikia watoto wanasoma kwa sauti moja mpaka raha. Sasa walimu wa darasa la tatu wakaanza kulalamika kwamba watoto wanawafikia hawajui kusoma, nikasema ni majungu, lakini nikaona bora nikajionee, nikaenda bila kumwambia, nikaketi nyuma, kisha nikamwita binti mmoja anisomee, akasoma kama maji, nami sijui nini kilinituma, nikafunika ukurasa kwa kiganja, Mshauri, mtoto akaendelea! Akafika mpaka nukta ya mwisho, nikamwita wa pili, wa tatu, mambo yale yale, wamekariri kitabu kizima kama wimbo, na nilipoandika "kikapu" ubaoni darasa zima likatazama viatu.

Nilipotoka wifi akanifuata mpaka chumba cha walimu, akasema mbele ya wote, "Mkuu, umekuja kutusaidia au kunipeleleza? Mimi nilipoanza kushika chaki, wewe ulikuwa unashika sketi ya mama yako!" Wakacheka, nikacheka nao, nikaenda ofisini nikafunga mlango, na tangu siku hiyo sijakanyaga darasani kwake. Mume wangu anasema, "Dada ni dada, mpe darasa jingine yaishe," lakini darasa lipi, kwani hao wengine si watoto? Naibu wangu anasema niandike ripoti ofisi ya elimu wamwondoe.

Jumapili wifi alikuja nyumbani, tukawa tunamenya viazi, akaniuliza bila kuinua macho, "Yule mtoto uliyemfunikia, hakujua hata neno moja?" Nikamjibu, "Wifi, mambo ya kazi tuyaache kazini," akamaliza viazi, akaaga, hata chai hakusubiri. Nimshtaki au nimwache? Nikimshtaki nimeharibu ukoo, nikimwacha nimewaharibu watoto wa watu. Nisaidie.

Mkuu wa Shule, Njia Panda

*

Mama Mkuu,

Pole. Una mzigo, na sitajifanya ni mwepesi. Lakini nitakugombeza, kwa hiyo kaa vizuri.

Umeandika barua ndefu, halafu habari kubwa kuliko zote ukaipitia haraka haraka kwenye viazi. Mwalimu mwenye umri ule na sifa zile amekuja kwako mwenyewe, pasipo watu wa kumchekea, akakuuliza habari za mwanafunzi wake. Hakuuliza nani amekutuma. Hakuuliza utamfanya nini. Ameulizia mtoto! Unadhani swali lile lilitoka kirahisi? Nawe ukamjibu eti ya kazini yabaki kazini, na huko kazini humwendei. Sasa akupate wapi?

Darasani nako ulikosea. Uliingia bila kumwambia, ukawatahini watoto wake mbele yake, ukatoka bila neno. Mkaguzi anaweza kufanya hivyo akapanda gari akaondoka, lakini wewe utakuwa naye kesho na keshokutwa. Ndiyo, alikutania vibaya. Mtu akiaibika hushika chochote kilicho karibu, siku ile akashika ulimi wake.

Mumeo naye mwambie kwa upole kwamba kumhamisha ni kuwapa watoto wengine shida ile ile. Ripoti nayo iweke kando kwanza. Ukimsaidia muhula mzima akakataa katakata, iandike, awe wifi awe mama mkwe, maana watoto hawawezi kusubiri ukoo wenu upatane. Ila kwa swali lile la jikoni, sioni mtu wa kukataa.

Nenda kwake leo, kabla hujaweka sufuria jikoni. Anza na jibu: "Wifi, hakujua hata moja. Na mimi sikupaswa kukujibu vile." Kisha funga mdomo, umsikilize. Huenda yeye mwenyewe alifundishwa hivyo hivyo, kwa kuimbishwa, na hajawahi kuona mtu akifanya vingine. Wiki hii ingia darasani kwake ushike chaki wewe, yeye aketi nyuma. Yavunjeni maneno vipande vipande, ki, ka, pu, watoto wayajenge upya kwa mikono yao. Kisha mbadilishane. Na hao wa darasa la tatu waache kunung'unika kwenye chumba cha walimu, waje wakae naye, wajifunze anavyolishika darasa zima likamfuata kwa sauti moja. Hicho ni kipaji, kimekosa tu kazi ya maana.

Utakapofundisha utababaika, darasa litakuponyoka, maana ofisi huleta kutu. Usijitetee. Mgeukie, umpe chaki, useme, "Wifi, nionyeshe." Mkuu anayeweza kutamka neno hilo mbele ya walimu wake, shule yake itasoma.