Umbali wa Jumapili

Jumamosi, Aprili, mchana. Mvua iliyonyesha wiki nzima imekatika leo asubuhi na nguo za Imani zimeanza kukauka kwenye kamba. Nimelala hadi saa mbili. Sikumbuki mara ya mwisho kulala hadi saa mbili ilikuwa lini.

Niko Makongeni, Thika, kwenye meza ya jikoni ambayo bado si yangu. Chai iko mbele yangu, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili sina kitu ninachomficha mume wangu.

Kwa wale wawili watatu mnaosoma hapa na hamnijui: mimi ni mama wa mtoto mmoja, Imani, miaka saba. Kazi yangu ni maabara ya kliniki moja katikati ya Nairobi. Mimi ndiye yule anayekwambia kunja ngumi, halafu anakudunga. Mume wangu, Wekesa, ni fundi wa mashine kwenye kiwanda hapa Thika. Tumepanga Kiuu miaka tisa kwa sababu Kiuu iko katikati ya Thika na Nairobi. Yeye anaenda juu, mimi naenda chini, na jioni tunakutana tukiwa tumechoka sawasawa.

Mwezi wa pili sacco, chama chetu cha akiba, ilikubali kutupa mkopo. Karibu na mji, kwa mkopo huo tungepata labda mlango na choo. Kimbo, pale Ruiru, tungepata ploti tupu, halafu tuendelee kulipa kodi ya Kiuu huku tukisubiri kujenga hadi Imani aolewe. Makongeni kulikuwa na nyumba nzima. Ya zamani, ndiyo, lakini vyumba viwili, ukuta mnene, maji ndani, mparachichi nyuma, na mwenyewe ni shosho, bibi kizee mjane, anayetaka kuhamia kwa binti yake Nyeri.

Tuliiona siku ya Jumapili baada ya kanisa, na hapo ndipo tulipokosea.

Watu wengi wa huku wananunua nyumba Jumapili. Ndiyo siku wanayopata nafasi, na ndiyo siku barabara inakudanganya. Tulipotoka Makongeni Wekesa aliwasha saa ya simu, na tulipofika mjini akanionyesha: dakika arobaini na tano. Alifurahi kama ni yeye aliyeitengeneza hiyo barabara. Nilijua kabisa kwamba dakika za Jumapili haziendi kazini Jumatatu. Mtu wa Kiuu hahitaji kufundishwa hilo. Lakini Wekesa alikuwa ameshachagua mahali pa banda la kuku kule nyuma.

Akaniuliza kama nimeipenda, tuichukue. Nikasema ndiyo. Akaniuliza tena, "Kweli?" Nikasema ndiyo tena.

Nilidanganya mara mbili, na siku ilikuwa ya Bwana.

Shida si kwamba sikuipenda nyumba. Niliipenda sana, na hiyo ndiyo ilikuwa inaniumiza. Lakini kliniki inafunguliwa saa moja unusu, na wa kuifungua maabara ni mimi. Watu wa kupimwa sukari wanakuja alfajiri bila kula, wengi wao wazee, na wanakaa kwenye benchi wakinisubiri mimi ndio wakanywe chai. Nikichelewa, wao wanakaa na njaa. Halafu kuna Imani. Mama yangu alifanya kazi mbali nilipokuwa mdogo. Nilimjua zaidi kwa sahani aliyonifunikia kuliko kwa uso wake. Niliapa mtoto wangu hatanijua kwa sahani.

Kwa hiyo wiki zilipita, makaratasi yakaanza kuandaliwa, na mimi nikawa mtu wa "sawa tu". Mama mkwe alipiga simu kutoka Bungoma akiuliza kama tunanunua nyumba huko kwa Wakikuyu, ya nyumbani Bungoma tutajenga lini. Nilikaribia kumshukuru. Nilitamani agombane na Wekesa mpaka kieleweke, nipate pa kujificha. Yeye na mwanawe wakaongea, wakacheka, wakamalizana.

Halafu Shosho akanipigia simu yeye mwenyewe. Huyu mama hana maneno ya kuzungusha. Alinisalimia, akaniuliza Imani amefunga shule lini, kisha akasema, "Wewe kuja ulale hapa wiki moja, uende kazi ukitoka hapa. Nyumba haijulikani na macho. Mimi sitaki mtu anipigie simu Nyeri akilia."

Sikuwahi kusikia muuzaji akisema hivyo. Nilifikiri ni uzee. Lakini shule zimefungwa, na sikuwa na sababu ya kukataa. Wekesa akasema yeye atabaki Kiuu alinde vitu, na atakuwa akipitia hapa kila jioni akitoka kiwandani. Jumapili iliyopita nikaja na Imani, begi moja na blanketi.

Jumatatu nilitoka saa kumi na moja na robo. Nilifika kliniki mapema hata kabla ya mlinzi kufungua geti. Nikajiambia, basi, inawezekana. Nikajiona mjinga kwa wiki zote nilizonuna.

Jumanne Mungu akanijibu.

Mvua ilinyesha usiku kucha, na lori likaanguka mbele ya Ruiru. Sitawasimulia barabara, mnaijua. Nilifika saa mbili na dakika arobaini. Watu wanane walikuwa kwenye benchi, na kati yao alikuwa mzee mmoja mwalimu mstaafu ninayemwita Mzee Kofia, kwa sababu haivui hata nikimpima shinikizo la damu. Alikuwa hajala tangu saa moja jioni. Nilimwomba radhi huku nikivaa glavu.

"Daktari," akasema, na mimi si daktari, "leo ulitaka nife na njaa ndio upime vizuri?"

Alikuwa anatania. Laiti angenikaripia. Nilimpima, nikamnunulia chai na mandazi mawili ambayo mwenye kibanda aliapa hayana sukari, kisha nikaingia chooni nikalia dakika tatu. Nilipotoka nilikuwa nimeamua. Nyumba hatuchukui. Nitamwambia Wekesa kesho, wazi, uso kwa uso, na anune akitaka.

Jumatano nilirudi na hotuba yangu nimeipanga ndani ya matatu tangu Githurai. Ilikuwa saa kumi na mbili unusu, mwanga ukiwa bado upo kidogo. Niliingilia mlango wa nyuma, na kabla sijasema hodi nikasimama.

Wekesa alikuwa amekaa kwenye kigoda cha Shosho, Imani katikati ya magoti yake, na alikuwa anamfumua nywele. Wekesa huyu ninayemjua mimi, mwenye vidole vya spana. Shosho alikuwa kando akichagua maharagwe na kumwamrisha: pole pole, shika shina, usivute. Na Imani alikuwa anaongea. Alikuwa anasimulia ugomvi wa msichana fulani darasani aliyemwambia yeye si rafiki yake tena, na jinsi alivyokaa peke yake mapumziko siku tatu, na jinsi walivyorudiana kwa sababu ya kifutio. Hadithi ndefu, yenye mizunguko yake, na baba mtu alikuwa anauliza maswali.

Mambo hayo yalitokea muhula uliopita. Mtoto wangu alikaa peke yake mapumziko siku tatu na mimi sikujua.

Nitakuwa mkweli, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa wivu. Nilitaka kuingia nimpokonye hicho kichana. Halafu nikaanza kupiga mahesabu nikiwa nimesimama pale na viatu vyenye matope. Kiuu, Imani anatoka shule, anakaa kwa jirani hadi jioni. Tunafika mimi na baba yake karibu pamoja, tukiwa na nusu saa ya masikio kabla ya kupika, kuoga, kulala. Mtoto akianza hadithi tunamwambia fupisha. Hapa Makongeni, Wekesa anatoka kiwandani saa kumi, na saa kumi na nusu ameshafika kwa miguu. Ameshanawa, hajapandwa na hasira za steji ya matatu.

Wiki zote hizo nilikuwa nahesabu saa nitakazopoteza mimi. Sikuwahi hata mara moja kuhesabu saa atakazopata Imani kwa baba yake. Ni kama mzazi ni mimi tu.

Sikutoa hotuba. Nilisema hodi, nikavua viatu, nikakaa chini nikasaidia upande wa kushoto.

Lakini wazee wa benchi walikuwa bado wananisubiri kichwani. Kwa hivyo Alhamisi nikafanya jambo ambalo sijalifanya miaka sita: nilienda kwa mwenye kliniki kuomba kubadilishiwa zamu. Zamu ya pili inaanza saa tatu unusu na kumalizika saa kumi na mbili jioni, na mwenye nayo ni mwenzangu, Purity. Niliogopa kuomba kwa sababu zamu ya asubuhi hupewa anayeaminika, na nilidhani nikiiachia nitaonekana nimechoka na kazi. Nilidhani pia Purity atanichukia.

Purity aliitwa.

"Dada, mimi nimekuwa nikitamani asubuhi tangu mwaka jana, nipate kwenda masomo ya jioni," akasema. "Niliambiwa asubuhi ni yako na huwezi kuiachia."

Kumbe tulikuwa tunakaa chumba kimoja tukiogopana. Mwenye kliniki akasema tubadilishane shule zikifunguliwa, akarudi kwenye simu yake. Miaka sita ya woga iliisha hata kabla chai yake haijapoa.

Ijumaa Purity aliwahi kuja asubuhi, nikamjulisha Mzee Kofia kwake. Ninakiri nilitarajia alalamike kidogo, kwa heshima yangu. Alinyoosha mkono, akadungwa, akavaa shati lake vizuri, akaniambia, "Huyu mkono wake ni mwepesi kuliko wako." Nimeumia. Bado nimeumia kiasi. Lakini wazee watakunywa chai yao mapema, na hilo ndilo nililokuwa nalitaka.

Sitawadanganya kwamba barabara imefupika. Haijapungua hata hatua moja. Nitakuwa nafika nyumbani saa mbili kasorobo, siku za mvua saa tatu, na kuna siku nitafika Imani ameshalala na nitaumia. Lakini asubuhi zitakuwa zangu. Nitamwamsha mimi, nimpe uji mimi, nimfikishe kwenye geti la shule ya hapa Makongeni mkono kwa mkono, ndipo nianze safari. Jioni ni za baba yake. Tangu aanze shule, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumpeleka siku ya kazi. Huwa tunamwachia jirani yeye na begi lake kukiwa bado giza.

Jana jioni nilifika nikamwambia Shosho tunaichukua nyumba, na kwamba sitampigia simu Nyeri nikilia. Nikamshukuru kwa kunikaribisha, nikamwambia hilo wazo lake limetuokoa.

"Wazo langu?" Aliweka sufuria chini. "Mimi nitoe wapi wazo la kulisha watu wiki nzima? Ni bwana yako alikuja kuniomba. Alikaa hapo ulipokaa. Akasema, Shosho, huyu mke wangu ameniambia ndiyo, lakini hiyo ndiyo yake haina sauti. Nisaidie alale kwenye hii nyumba kwanza. Akikataa, nitaenda Kimbo ninunue ploti."

Shosho akarudi kwenye maharagwe yake kana kwamba hajasema kitu.

Wiki zote hizo nilidhani nimemficha. Nilikuwa nimejiandaa kumvunja moyo, na kumbe yeye alikuwa ameshauvunja mwenyewe, akaufunga, akauweka kando, akaniacha nichague. Na kila jioni alikuwa anapita hapa, anafumua nywele, hasemi neno.

Jana Wekesa hakurudi Kiuu, na usiku nilimwambia yote. Jumapili ile, choo cha kliniki, hotuba ya Githurai. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema tu, "Mama Imani, wewe ukinyamaza hata sufuria zinajua." Tukacheka mpaka Shosho akagonga ukuta, na hapo ndipo nilipojua ule ukuta si mnene kama tulivyodhani.

Sasa hivi ninapoandika, Wekesa yuko nje chini ya mparachichi. Anapima kwa hatua mahali pa banda la kuku, Imani anamfuata nyuma akihesabu kwa sauti, na hesabu zao hazilingani. Amekuja dirishani, akaweka viwiko kwenye kizingiti, akaniuliza kama nimeipenda nyumba.

Nimesema ndiyo.

Akarudi kwa kuku wake. Hakuuliza mara ya pili.