Brian Hana Ugonjwa wa Paka

Majengo, Nairobi

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mjukuu wako. Sisi ni wazima, na hapo kwa "wazima" naomba usome mara mbili. Goti la Baba linaendeleaje? Mahindi mmeshavuna?

Barua yako nimepata. Umeniuliza kama ni kweli Brian ana ukimwi, ukasema nisimlete Krismasi mpaka apimwe. Mama, nililia, halafu nikakasirika.

Ilikuwa hivi. Pale Buruburu ninapofua nguo kuna paka dume, mpiganaji sana. Alianza kukonda, mdomo vidonda, homa haziishi. Daktari wa wanyama akatoa damu ikapimwa. Siku alipoleta majibu nilikuwa nimeenda na Brian, na huyo paka alikuwa amemkwaruza mkono. Daktari akasema ni ukimwi wa paka: virusi vinamaliza askari wa mwili wake, mpaka kahoma kadogo kanamshinda. Wanaambukizana wakiumana. Nikamwonyesha mkono wa Brian. Akaniambia, "Mama, hivyo virusi ni vya paka tu. Mtu hapati. Osha hapo na sabuni."

Jioni nikamsimulia Mama Kevo, jirani anayenishikia mtoto. Nilidhani tutacheka, ati siku hizi hata paka! Hakucheka. Asubuhi nikimpelekea Brian, akasimama mlangoni.

"Huyo kaa naye kwanza. Mimi niko na wangu."

"Lakini daktari amesema mtu hapati."

"Daktari wa paka! Atajua nini ya watoto wa watu?"

Sasa Brian akitoka nje, wenzake wanaitwa ndani. Anabaki kwa mlango akiwaita kwa majina yao. Mimi nafua naye mgongoni, na vile amekuwa mzito! Mwenye nyumba wa huko Buruburu ameanza kununa. Ndipo Senje, huyo shangazi yangu, akapita hapa, akayaokota hayo maneno kwa mfereji tunapochota maji, akakuletea.

Mama, nakuheshimu, lakini sitampeleka kupimwa. Hakuna mahali mtoto wangu amepatia huo ugonjwa. Nikimpima leo ili watu wanyamaze, watasema mbona nilikuwa na wasiwasi.

Nisalimie Baba, wadogo zangu wote, na mama mchungaji anayetuombea. Senje pia msalimie, umwambie nilisikia.

Krismasi tunakuja wawili. Najua watu watakuwa wametoka kutuangalia. Tukishuka, mizigo iache chini. Mchukue Brian kwanza, umbebe, umbusu mbele yao.

Ni mimi mtoto wako,
Rose