Barnabas Kioko na Dakika ya Thelathini na Mbili

Barnabas Kioko, fundi wa redio, Ganjoni
1949 – 12 Februari 1998

Ni mwaka mmoja sasa, Baba Mutanu, tangu utoke nyumbani asubuhi ya Alhamisi kwenda kazini Kilindini, na moyo wako ukasimama saa nne, chai ikiwa bado mkononi. Ninayeandika ni mimi, mkeo Kasyoka. Binti yetu Mutanu amekaa ubavuni mwangu ili anisahihishe nikifika kwenye mambo ya mashine, maana hukupenda yasemwe ovyo.

Ulikuwa mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia. Miaka kumi na tisa ulitengeneza redio za bandarini mchana, na jioni ukatengeneza za majirani. Kabla ya kugusa chombo chochote ulishika kwanza chuma cha dirisha, ili umeme uliojificha mwilini utoke usije ukaunguza vile vipande vidogo. Ulilizoea jambo hilo hata Morgan alipozaliwa ulishika chuma cha kitanda kwanza, ndipo ukampokea mwanao. Mkunga alidhani ni mila ya Wakamba, nami sikumsahihisha.

Uliandika namba za mashine zako, zenye herufi ndani yake, kwenye karatasi yoyote iliyokuwa karibu. Siku moja nilikwenda Marikiti na karatasi yako nikidhani ni yangu, nikaanza kumsomea mwuza vitunguu. Akaniuliza kama natafuta vitunguu au natafuta gari lililopotea. Nilikusimulia ukacheka mpaka ukakohoa, kisha ukaniomba karatasi yako.

Ubao wa saa ulianza na kipaza sauti. Msikiti mmoja mdogo wa Mji wa Kale ulikuita ukitengeneze, nawe ukafanya urafiki na Aidarus, mwadhini wao. Mwaka 1995 ukawajengea ubao wa taa unaoonyesha saa za sala, umetundikwa uani, na mpita njia huuona kupitia mlangoni. Wakati wa Magharibi ukifika, taa ya kijani huwaka. Akili ya ubao ilikuwa kompyuta iliyotupwa na ofisi moja ya bandarini, isiyo na kioo wala kibodi, ndani ya sanduku la bati chini ya ngazi ya nje.

Mutanu anasema hapa nieleze taratibu. Memori ya mashine ni safu ndefu ya visanduku, na kila kisanduku kina namba yake, yaani anwani. Vingine hukaa na hesabu tu. Vingine vimeungwa na waya, ukiandika humo taa inawaka ukutani. Katika mfumo ule wa zamani, programu yoyote iliweza kuingia kisanduku chochote bila kupiga hodi, na wewe uliupenda uhuru huo. Ulisema hakuna wa kukuuliza unakwenda wapi.

Ramadhani ya 1996, Bwana Shukri, mwenyekiti wa kamati, alikuomba uongeze maneno RAMADHANI NJEMA yazunguke chini ya ubao. Uliyatia asubuhi, na jioni ukarudi kuyatazama. Wingu lilikuwa limetanda tangu alasiri, na vichochoro vya kule vikiwa na wingu havina jua la kukuambia lolote. Taa ya kijani ikawaka. Aidarus akaadhini, watu wakala tende, wakanywa maji. Walikuwa wamekwisha kusali na kuketi kwa uji ndipo misikiti mingine yote ilipoanza kuadhini.

Ulinisimulia yaliyofuata. Mzee mmoja alikugeukia akasema polepole, "Fundi, yeo twala mtana?" Yaani, leo tunakula mchana? Bwana Shukri akawahi kusema ni umeme tu, umeme wa mji huu una wazimu. Watu wakakubali, maana kweli ulikuwa ukikatika kila siku.

Ulikuja nyumbani ukafungua daftari lako jekundu, hukugusa chakula. Kulipokucha, kabla ya kwenda kazini, ulipita msikitini ukawakuta Bwana Shukri na Aidarus.

"Si umeme," uliwaambia. "Ni mimi. Salamu, ukihesabu na nafasi ya katikati, ina herufi kumi na tano, na nilikuwa na visanduku kumi na tano. Nikaongeza nafasi tupu mwishoni ili maneno yasigongane yanapozunguka. Ile nafasi imeangukia kisanduku cha jirani, na jirani ni dakika za Magharibi. Nafasi tupu, kwa mashine, huandikwa thelathini na mbili."

Ilipaswa kuwa arobaini na nne. Uliwafuturisha watu dakika kumi na mbili kabla ya wakati.

"Lakini watu wamesharidhika kuwa ni umeme," Bwana Shukri akakwambia.

"Umeme una makosa yake ya kutosha," ulimjibu. "Hili tusiutwike."

Aidarus akacheka. "Basi tutailipa siku moya sote, Idi ikipita. Kosa moya haliati mke, fundi." Kosa moja haliachi mke, ndivyo wasemavyo kwao.

Walichagua Alhamisi moja baada ya Idi. Asubuhi hiyo ulisukuma kikombe cha chai, wewe ambaye bila chai hukujua jina lako. Nilikuuliza Mkristo mzima utafunga ya nini. Ulisema, "Nimewalisha mchana. Acha nami nikae nao mchana." Odera, mwenzako wa karakana, anasema kufikia saa tisa ulikuwa umemnunia kila mtu mpaka bisibisi. Jioni ulifuturu nao, ukarudi na sahani ya kaimati kutoka kwa mama yake Aidarus, ukala nne ukiwa umesimama mlangoni.

Nilidhani yameisha. Hayakuisha, na hili hukuwahi kulisema mbele ya watu, kwa hiyo nalisema mimi. Tangu siku ile, kila taa ya kijani ilipowaka, Aidarus alivuta mkono wa kanzu, akatazama saa yake ya mkononi, ndipo akaadhini. Alifanya hivyo bila ubaya, huku anakutabasamia. Ulirudi nyumbani ukiwa mnyonge. Nikasema kwa nini usimwambie ubao umepona. Ukasema, "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Siwezi kumwambia aniamini. Ni kazi yangu kufanya asihitaji kuambiwa."

Mwaka 1997 Odera akakuletea disketi kutoka kwa injinia wa meli, mfumo mpya uitwao Linux. Ulitafuta kompyuta yenye nguvu zaidi kidogo, ukaanza kujenga sanduku la pili kwenye meza yetu ya kulia. Programu yako ilipojaribu kugusa anwani za taa kama ilivyozoea, mashine iliisimamisha palepale. Ulikasirika siku tatu. Tulikula magotini kwa sababu meza ilikuwa yako. Siku ya nne ukaja jikoni unacheka, ukasema, "Mama Mutanu, huyu anataka hodi."

Ulitueleza kwa mfano wa ghorofa yetu hapa Ganjoni. Kila mpangaji ana chumba chake anachokiita cha kwanza, lakini msimamizi pekee ndiye ajuaye ni cha kwanza cha nyumba ipi. Vivyo hivyo, anwani ambayo programu inaiona siyo anwani ya kweli ya mashine. Programu ikikosea, inachafua chumba chake yenyewe, haiingii kwa jirani. Na ikiwa ina haja ya kweli ya kugusa chuma chenyewe, ile taa ya ukutani, lazima imwombe msimamizi, yaani mfumo wenyewe, aifungulie kidirisha kimoja, mahali palipotajwa, kwa upana uliotajwa. Ulisema ni kama kuomba ufunguo wa kabati la mita pale chini ya ngazi. Unapewa wa kabati, hupewi wa nyumba za watu.

Ulitenganisha kazi. Programu ya salamu ukaifungia chumbani kwake. Programu moja tu, fupi, ukaipa ruhusa ya kidirisha cha taa. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jekundu ukaandika: Kila anwani ina mwenyewe.

Ramadhani iliyofuata, ya mwisho kwako, sanduku jipya lilifanya kazi mwezi mzima bila kosa. Aidarus alitazama mkono wake mwezi mzima. Siku ya Idi nilikuuliza, ukasema, "Labda mwakani." Haikupita hata wiki mbili, tukakuzika.

Mwaka uliofuata haukuwamo kwenye mashine. Saa za sala ulikuwa unazitia mwenyewe kila mwaka, kuanzia Ramadhani hadi Ramadhani, kutoka kalenda ya msikiti, na zilizobaki humo zilikuwa zinafika mwisho. Mwezi wa kumi na moja Bwana Shukri alitutembelea, akakaa kwa heshima, akatupa pole tena. Kisha akasema ana ndugu Dubai anayeweza kuleta saa iliyo tayari, na ubao wa marehemu wataushusha vizuri watuletee nyumbani. Nilimwelewa. Hakuna aliyejua kuufungua.

Mutanu alikuwa anapanga vikombe. Akasema, "Mzee, nipeni Ramadhani hii moja."

Bwana Shukri alinitazama mimi. Nikamwambia binti ana mkono wa baba yake na mdomo wangu, achague anachokitaka. Akakubali: mwezi huo mmoja tu, ubao ukikosea hata mara moja unashuka.

Mwanao alijifunga leso kichwani akaenda kuketi chini ya ile ngazi na kalenda na daftari lako. Alishika chuma cha ngazi kabla ya kufungua sanduku. Mashine ilimkatalia. Alikuwa ameandika programu yake mwenyewe ya kujaribu taa, na msimamizi hakumjua. Odera akamshauri njia ya mkato: aipe programu ruhusa ya memori yote, amalize kazi arudi nyumbani. Mutanu anakiri alikuwa ameshaandika amri hiyo, imebaki kuibonyeza. Akafungua daftari kutafuta anwani, akakuta umeandika chini ya ukurasa, kwa wino mwingine: Usifungue nyumba nzima kwa sababu ya kabati moja.

Aliifuta ile amri. Ilimchukua siku nne zaidi kuielewa njia yako. Akaomba kidirisha kile kile, upana ule ule, akatia mwaka mzima, akahesabu kila mstari mara mbili. Kwenye mistari ya Desemba akaacha kuandika. Alikuja nyumbani akaniwekea kalenda mezani.

Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka, na jua la Desemba huwahi kuzama kuliko la Februari. Siku ya nne ya mfungo, Magharibi ilikuwa saa kumi na mbili na dakika thelathini na mbili. Ilikuwa namba ile ile, na safari hii ilikuwa kweli.

"Nikamwambie Ammi Aidarus mapema?" Mutanu akaniuliza.

Nilitaka kusema ndiyo. Nikakumbuka ulivyosema huwezi kumwambia mtu akuamini. Nikamwambia atie namba iliyo sahihi, basi.

Siku hiyo tulikwenda sote wawili, tukasimama kichochoroni mkabala na mlango. Nakwambia ukweli, Baba Mutanu, niliogopa kuliko siku ya arusi yetu. Bwana Shukri alikuwa uani, na yule mzee wa "twala mtana" alikuwa uani. Jioni ilikuwa na mawingu. Ubao ulionyesha thelathini na mbili, na watu waliuona. Niliona mzee anamgusa mwenzake goti. Aidarus alisimama kwenye kipaza sauti na tende moja kiganjani, macho yake kwenye namba ile. Aliitazama muda mrefu. Sina shaka aliikumbuka.

Taa ya kijani ikawaka.

Mkono wa kanzu haukuvutwa. Alikula tende, akaweka kiganja sikioni, akaadhini. Kabla hajamaliza mstari wa kwanza, misikiti mingine ikaitikia, wa karibu na wa mbali, wote pamoja. Mutanu alinishika mkono akaubana mpaka pete ikaniuma.

Baada ya sala Aidarus alitoka hadi mlangoni, na sahani ya tende mkononi. Nilimwuliza, kwa kuwa mimi siwezi kunyamaza kama wewe, "Na saa yako leo?"

Akakunja mkono wa kanzu akanionyesha. Kifundo kilikuwa kitupu.

"Nimeiata nyumbani tangu siku ya kwanza ya mfungo," akasema. "Sikujua kama mwatazama."

Ubao haukushushwa. Bwana Shukri amemwomba Mutanu atie mwaka ujao pia.

Tungependa ungekuwepo kuliona jambo hili. Kwa kuwa hukuwepo, tumeona tukuandikie, ulijue hivi lilivyokuwa, bila kuongezwa.

Tunaokukumbuka: mkeo Kasyoka, wanao Mutanu na Morgan, dada yako Mercy na watu wote wa nyumbani Machakos, mwenzako Odera na mkewe Rosebella, majirani wa ghorofa ya pili, Ganjoni, na, kwa ombi lake mwenyewe, Aidarus wa Mji wa Kale.

Kila Magharibi tutakukumbuka.